Riwaya ya kijeshi: "nilifyatua" au "alifyatua"? Nasema nafsi ya kwanza inaua taharuki

#1 Kalamu ya Medani

Wakuu habari za jioni.

Naandika riwaya, naitoa vipande vipande kwenye gruupu la WhatsApp, sehemu moja kwa siku, wasomaji wanalipa buku kwa wiki. Ni ya Vita vya Kagera, usiku wa Lukaya kule Uganda, Machi 1979, Walibya walipokuja kumsaidia Amin. Mhusika mkuu ni luteni kijana wa brigedi ya 201. Sehemu 13 za mwanzo nimeandika kwa nafsi ya kwanza. Sasa nimekwama, na nimefikia kuamini kwamba nafsi ya kwanza haifai kabisa kwa stori za vita. Ukisema "risasi zikapita juu ya kichwa changu", msomaji anajua umepona. Ungekufa, nani angemsimulia? Taharuki inatoka wapi hapo?

Sehemu ya 14 nikahamia nafsi ya tatu kimyakimya. Watu tisa wakatoka kwenye gruupu usiku uleule. Mmoja akanifuata faragha: "Luteni kafa? Mbona anasimuliwa na mtu mwingine?"

Naweka kipande cha sehemu ya 13 mkione:

*"Nilijilaza kwenye tope kando ya barabara. Upande wa pili Walibya walishaanza kuteremka kwenye magari. Kamanda wao aliona giza linamfaa, akaamua kusubiri. Nilimgusa Sajini begani. Alitetemeka. Alifyatua, akampiga, akaanguka."*

Nafsi ipi inafaa, na kwa nini?

#2 Nyuki wa Kitunda

Ngoja waje wenye fani zao. Nimekaa pale na karanga zangu.

#3 Lulu ya Ukerewe

Hoja ya "msomaji anajua utapona" inasikika vizuri mpaka uipime. Chukua ile riwaya ya Forsyth ya mwaka 1971, muuaji wa kukodiwa anatafuta roho ya De Gaulle, rais wa Ufaransa. De Gaulle alishafariki Novemba 1970, nyumbani kwake, tena si kwa risasi. Kila aliyefungua kitabu alijua jamaa atamkosa. Na watu walikesha nacho. Walichokuwa wanakitafuta ni imekuwaje akakosa, wakati kila kitu amekipanga mpaka kiatu.

Halafu Joram Kiango wa Ben Mtobwa anasimuliwa kwa nafsi ya tatu. Wewe uliwahi kuhofia kwamba Joram atakufa? Mimi sijawahi hata siku moja. Kwa hiyo nafsi ya tatu nayo haikupi hiyo taharuki unayoitafuta.

#4 Mzee wa Kombania

Kijana, hongera kwa kuikumbuka Lukaya. Mimi Kagera niliikuta ni hadithi, nilivaa gwanda 1983, nikastaafu miaka mingi baadaye. Lakini walionifundisha kazi walitoka huko.

Kipande chako kina kosa moja kubwa. "Kamanda wao aliona giza linamfaa." Luteni wako kalala kwenye tope, usiku, kuna kinamasi huku na huku. Mawazo ya kamanda wa Walibya kayasoma wapi? Ukiwa lindo usiku unaona majani yaliyo mbele ya pua yako, basi. Mengine yote ni masikio. Injini ya kifaru, mtu kakohoa, mbwa kanyamaza ghafla.

Na kingine. Brigedi ya 201 wengi wao walikuwa mgambo, kwa wengi ndiyo mara ya kwanza kupigwa. Roketi za kwanza zilipita juu yao, hazikuua kama watu wanavyodhani, lakini mlio ule uliwatawanya. Kwa hiyo usiku ule anachokijua luteni ni kwamba anaita watu wake kwa majina na hawaitiki. Kufika alfajiri brigedi ya 208 iliyogeuzwa njia ndiyo ikatokea nyuma ya adui, kwenye barabara ya kwenda Kampala. Ukiandika kwa nafsi ya kwanza, brigedi ya 208 ni mlio tu unaotoka upande usioutarajia. Hujui ni wenzako au ni adui amekuzunguka. Hiyo ndiyo taharuki yako, mbona iko wazi.

#5 Boda wa Kisumu

Salamu kutoka Kenya. Mimi naona third... samahani, nafsi ya tatu ndiyo mambo yote. Angalia Tom Clancy, ile ya nyambizi ya Warusi. Jamaa alikuwa mtu wa jeshi la majini, amekaa ndani ya nyambizi, anajua kila kifaa. Ingekuwa "mimi" moja angetupeleka vipi huku kwa Warusi, mara kwa Wamarekani, mara Ikulu?

#6 Kipanga Mwekundu

Boda, hapo umeteleza. Clancy hakuwahi kuwa mwanajeshi. Alikuwa wakala wa bima kule Maryland, macho yake mabovu yalimzuia kuingia jeshini. Riwaya ilitoka 1984, na waliomchapa ni Naval Institute Press, watu wa vitabu vya mabaharia na historia ya vita. Walikuwa hawajawahi kutoa riwaya mpya kabla ya hiyo.

Na hapo ndipo ilipo sababu yenyewe kwa maoni yangu. Mtu ambaye hajawahi kuwepo hana "mimi" ya kumkopesha shujaa wake. Ana ramani, ana vitabu, ana watu aliowahoji. Kwa hiyo anachukua msimulizi anayeingia kila chumba bila kubisha hodi, na juu ya kila kipande anaandika jina la mahali, ili msomaji ajue sasa tuko nyambizi gani. Waliokuwepo wanaandika "mimi". Andy McNab alitoka SAS, kikosi maalumu cha jeshi la Uingereza, kitabu chake cha doria ya Iraki cha 1993 ni "mimi" mwanzo mwisho. Alipogeukia riwaya, mhusika wake Nick Stone naye akawa "mimi".

Kwa hiyo swali kwa mleta uzi: wewe ulikuwepo Lukaya?

#7 Kalamu ya Medani

Mkuu 1979 hata mama yangu alikuwa hajaolewa 😂

#8 Lulu ya Ukerewe

Kipanga, nadharia yako nzuri ila ina tundu. Jack Carr alikuwa SEAL, komando wa jeshi la majini la Marekani, miaka na miaka, riwaya yake ya kwanza ya 2018 ni nafsi ya tatu. Yeye "mimi" anayo ya kutosha, mbona hakuitumia?

Na hiyo "mimi nilikuwepo" nayo tuiangalie vizuri. Doria ile ya Iraki ilikuwa na watu wanane. Watatu walikufa, wanne walitekwa, mmoja akatembea kwa miguu mpaka Syria. Aliyetembea naye akatoa kitabu chake, 1995, kwa jina la Chris Ryan. Havilingani. Baadaye akaja Michael Asher, akaenda mwenyewe jangwani kuzungumza na wenyeji, naye akaja na habari tofauti na wote wawili. McNab na Ryan wote ni "mimi", tena "mimi" za doria moja.

#9 binti_Ngamiani

Mnazunguka mbali. Mimi kilichonikera kwenye kipande ni sentensi ya mwisho. "Alifyatua, akampiga, akaanguka." Nani alifyatua? Nani kaanguka? Sajini? Mlibya? Au bunduki ilimrudi Sajini akaanguka yeye?

Kiswahili chetu ukiweka wanaume watano kwenye handaki moja, wote ni "a". Akamwambia, akamjibu, akamsukuma, akamshika. Unasoma mara tatu hujui nani kamshika nani. Nafsi ya kwanza inakuokolea mmoja: "nilimsukuma, akanishika", pale pale picha imekaa. Ndiyo maana Willy Gamba wa Musiba anakimbia vizuri kwenye *Kufa na Kupona*. "Nikaruka, nikaviringika, nikamkamata." Hiyo "nika" inavuta kama kamba. Ukiibadilisha ikawa "akaruka, akaviringika, akamkamata", lazima kwanza nijue unamsema nani.

Kalamu, ningekuwa mimi ningeandika hivi:

*"Nilijilaza kwenye tope. Nilimgusa Sajini begani. Bega lilikuwa linatetemeka. Mbele yetu mtu akakohoa, si wa kwetu. Sajini akafyatua. Kikohozi kikakatika katikati."*

#10 Nyuki wa Kitunda

"Kikohozi kikakatika katikati." Dada umeniangusha karanga.

#11 Boda wa Kisumu

Ahsante Kipanga kwa kunirekebisha, wakala wa bima tena! Lakini hoja yangu kuhusu vyumba vingi bado imesimama.

#12 Mwalimu wa Zamu

Wadau mnachanganya vitu viwili. Kuna anayesema, na kuna anayeona. Nafsi ni suala la nani anasema: mimi, au mtu aliye nje ya hadithi. Mtazamo ni suala la macho ya nani yanatumika. Unaweza kuandika "alijilaza" na bado usitoke nje ya kichwa cha luteni hata nukta moja. Msimulizi maizi, yule anayejua mpaka ndoto za kila mhusika, ni aina moja tu ya nafsi ya tatu. Kosa la mleta uzi aliloliona Mzee wa Kombania si la nafsi. Ni la mtazamo: kamruhusu luteni aone kwa macho ya msimulizi maizi.

#13 Nyuki wa Kitunda

Mwalimu, mtihani lini?

#14 Mtoto wa Mkunazini

Assalamu alaykum. Mie naongeza moja alilolianza mwalimu hakulimaliza. Kwenye Kiswahili macho ya mtu huyajui kwa "ni" wala "a". Huyajua kwa vineno vidogo.

Chukua neno *kumbe*. "Alivuta triga. Kumbe magazini ilikuwa tupu." Nani hakujua kama ni tupu? Yule aliyevuta. Basi tumo kichwani mwake, ijapokuwa imeandikwa "a". Sasa andika: "Alivuta triga. Magazini ilikuwa tupu." Tumetoka nje, tunamwangalia kwa mbali.

Chukua *eti*. "Kamanda alisema eti msaada unakuja." Kamanda hakusema eti. Hiyo eti ni ya askari aliyechoka kusikia ahadi. Chukua *huyu* na *yule*. "Huyu Mlibya alikuwa mtoto mdogo tu." Ukisema "huyu", maiti iko miguuni pako.

Na mie nasema msimulizi anayejua yote hana haki ya kusema kumbe. Kama alijua toka mwanzo, kumbe yatoka wapi?

#15 Mwalimu wa Zamu

Mkunazini, hapo nitakupinga kidogo. Bibi akisimulia hadithi ya Sungura anajua mwisho wake toka zamani, na bado anasema "kumbe fisi alikuwa mlangoni". Kumbe ile si yake. Anaisema kwa niaba yetu tunaosikiliza. Simulizi zetu za mdomo zina msimulizi anayejua yote na anayejifanya hajui, na hakuna mtoto aliyewahi kumlalamikia.

#16 Mtoto wa Mkunazini

Bibi yuko mbele yako, unamwona uso. Msomaji wa simu hamuoni Kalamu.

#17 Kipanga Mwekundu

Tukirudi nyuma kidogo, binti_Ngamiani katolea mfano Willy Gamba. Willy ni mpelelezi, si mwanajeshi. Mpelelezi anafanya kazi peke yake, ndiyo maana "mimi" inamkaa. Mwanajeshi ana platuni.

#18 binti_Ngamiani

Nimemtaja kwa ajili ya "nika", sikumpa cheo.

#19 Lulu ya Ukerewe

Kuna matumizi mengine ya "mimi" ambayo hakuna aliyeyataja: kudanganya. Alistair MacLean alikuwa bingwa wa hili. Kwenye ile ya kituo cha barafuni ya 1963, msimulizi ni daktari anayepanda nyambizi. Anakuelezea kila kitu, baridi, mitambo, maiti, kwa unyoofu kabisa. Halafu unagundua kwamba sababu aliyokupa ya safari yake si yenyewe, tena zaidi ya mara moja. Muda wote ulikuwa ndani ya kichwa chake na hukuona kitu. Nafsi ya tatu ikifanya hivyo msomaji anahisi kaibiwa. "Mimi" ikifanya hivyo unasema, mh, huyu jamaa.

#20 Jirani Mwema

Ndiyo kwanza nimekinunua hicho Jumamosi pale kwenye vitabu vya mtumba 😭 Lulu Mungu anakuona.

#21 Lulu ya Ukerewe

Kina miaka zaidi ya sitini jirani, ungekiwahi.

#22 Boda wa Kisumu

Kuna njia ya kati. Terry Hayes, riwaya ya 2013, jasusi anasimulia kwa "mimi", lakini anatueleza pia maisha ya adui yake toka utotoni, vyumba ambavyo hakuingia, mambo ambayo hayakuwa na shahidi. Anajitetea kwamba aliyakusanya baadaye. Kalamu anaweza kufanya hivyo: luteni anazeeka, anakutana na watu, anajua brigedi ya 208 ilikuwa wapi. "Baadaye niliambiwa kwamba..." Umepata "mimi" na umepata vyumba vyote.

#23 Mzee wa Kombania

Boda, "baadaye niliambiwa" inawasha taa. Luteni yuko gizani, msomaji yuko naye gizani, halafu unawasha taa ya mzee wa miaka sabini aliyekaa kwenye kochi. Mimi hapo ningefunga kitabu.

Ila nakiri shida ipo. Uamuzi mkubwa wa vita ile, kuigeuza brigedi nzima usiku, ulifanyika mahali ambapo luteni hayupo. Ukimng'ang'ania luteni, msomaji hataujua ukubwa wa jambo. Ukienda kwa makamanda, unapata ramani na unapoteza tope. Sijui utafanyaje, mimi si mwandishi.

#24 Kalamu ya Medani

Shikamoo mzee, nashukuru sana. Mstari wa kamanda wa Walibya nimeufuta. Binti_Ngamiani kikohozi chako nakiiba, nitakulipa kwa sehemu tatu za bure.

Lakini swali langu la kwanza bado. Luteni atakufa sehemu ya 22, nimeshapanga. Anakufaje akiwa "mimi"?

#25 Kipanga Mwekundu

Umeshatuambia anakufa. Taharuki umeiua mwenyewe kwa mikono yako 😂

#26 Mwalimu wa Zamu

Msiwasahau wa kwetu waliotangulia. Hemedi bin Abdallah al-Buhriy alitunga utenzi wa vita vya Wadachi, yaani Wajerumani, kuitwaa Mrima, pwani yetu, vita vya mwaka 1307 wa Hijria, akiwa mtu wa pwani hiyohiyo, kumbukumbu bado mbichi. Haoni haya kuwapa Wadachi maneno vinywani mwao. Anawasemesha, kisha anawasemesha watu wa Bushiri aliyepigana nao. Hakuna aliyemuuliza alisikia wapi. Utenzi unaruhusu, kwa sababu msikilizaji anajua mtunzi yuko upande gani. Pengine shida ya kipande cha Kalamu ni kwamba Mlibya wake hana maneno. Ana "aliona, akaamua" tu, kama taarifa ya mkutano.

#27 Dereva wa Usiku

Nimesoma wote kimya, sasa nami nichangie. Mzee wangu alikwenda Kagera akiwa mgambo, toka Shinyanga. Amefariki miaka kadhaa iliyopita.

Alikuwa anasimulia, si mara nyingi, akishakula na redio ikizimwa. Na kitu nilichokuja kukigundua nikiwa mkubwa ni kwamba hakuwahi kusema "nili". Kila kitu "tuli". Tulitembea, tulilala kwenye migomba ya watu, tuliogopa, tulikula mihogo mibichi. Nikiwa kidato cha pili nikamuuliza kwa ujinga wa utoto: "Baba, wewe mwenyewe ulimpiga mtu?" Alikuwa anafunga kamba za kiatu. Akamaliza kiatu kimoja, akahamia cha pili, ndipo akasema, "Tulifyatua."

Sijui kama inakusaidia kwenye uandishi, lakini nimeona mnabishana "ni" na "a" kurasa mbili na hakuna aliyesema "tu".

#28 binti_Ngamiani

Pole kwa msiba wa mzee. Hii nimeisoma mara mbili.

#29 Mzee wa Kombania

Ni kweli. Sisi hatusemi "nili". Kambini ukisema "nili" sana wenzako wanakuona una makuu, au unatafuta cheo. Na "tuli" inakuficha. Aliyefyatua hajulikani, aliyekimbia hajulikani.

#30 Lulu ya Ukerewe

Halafu oneni, "tu" inajibu swali la Kalamu la kwanza kabisa. Platuni ikisema "tulijilaza kwenye tope", luteni anaweza kufa, Sajini anaweza kufa, na sauti inaendelea. Msomaji hajui nani kati ya "sisi" ndiye atakayebaki kusimulia.

#31 Kipanga Mwekundu

Kwa sehemu moja sawa. Kwa sehemu 40? Msomaji anataka mtu. Anataka mtu mwenye mchumba Bukoba na jino linalouma. "Tu" haina jino. Mimi ningebaki na nafsi ya tatu, luteni mmoja, na kumbe za Mkunazini.

#32 Mtoto wa Mkunazini

Sasa zimekuwa zangu.

#33 Boda wa Kisumu

Mimi bado nataka kujua makamanda waliongea nini usiku ule. Mnisamehe.

#34 Kalamu ya Medani

Nimerudi. Nimewaandikia wasomaji kwamba sehemu ya 14 ilikuwa hitilafu ya mitambo 😅 Watatu kati ya tisa wamerejea. Sehemu ya 15 naitoa kesho, inaanza hivi, semeni:

*"Tulikuwa thelathini na mmoja tulipojilaza. Roketi zilipopita tuliinua vichwa, tukahesabiana kwa kugusana mabega. Tulikuwa kumi na wanne. Mtu mmoja alikuwa analia, na kila mmoja wetu alidhani ni mwenzake."*

#35 Mwalimu wa Zamu

"Kila mmoja wetu alidhani." Umeshaingia vichwa kumi na vinne kwa mpigo, kijana.

#36 Mzee wa Kombania

Mwache. Na platuni ya watu thelathini na mmoja wewe luteni ukiwemo? Basi hesabu yako iangalie tena, isije ikakupotea mbele.

#37 Jirani Mwema

Gruupu linaunganishwaje? Na buku inatumwa kwa namba gani? Maana kile cha barafuni sina hamu nacho tena.